Dua Niliyoiomba Ndani ya Gari

Dada, nimekwisha! Mume wangu amenisikia nikiomba.

Lile gari la vitanda na jiko, alilolitengeneza kwa safari yetu ndefu ya nje ya nchi? Nimepiga magoti humo, nikaomba kwa sauti: "Mungu wangu, lisiwake mpaka nifanye mtihani wangu wa masomo ya jioni."

Kumbe yuko chini ya gari anakaza bomba la maji! Chini ya gari, dada!

Akatoka na grisi usoni. "Mama watoto, kumbe nashindana na Mungu? Mbona hukuniambia mimi?"

Akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya!

"Uliyelizima ndiwe utakayeliwasha. Omba."

Nimejifungia kwenye choo cha gari. Niombe liwake vipi, na moyo bado unautaka mtihani?