Soko Lilikuwa la Nani

Mjukuu wangu Aline,

Swali lako, kwamba sheria ina kazi gani bunduki zinapolia, nimeshindana nalo tangu kabla mama yako hajaolewa. Babu yako anakusalimu. Goti lake limepona, ubishi wake umerudi.

Wakati wa vita nilikuwa mwanasheria wa komine moja, yaani serikali ya mtaa, hapa Bujumbura. Afisa wa serikali kuu alifunga kwa amri ya mdomo soko walilouzia akina mama wa Kanyosha. Mama Zaina, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaja ofisini na kapu lake.

"Mi siombi huruma, mama juriste. Soko ni ya nani?"

"Ni la komine."

"Basi andika. Ndagala haijue kungojea."

Niliandika maoni rasmi: soko ni la komine, serikali kuu yaweza kulifunga kwa ajili ya usalama, ila kwa amri iliyoandikwa. Mkuu wa komine alicheka.

"Karatasi hii itazuia risasi?"

"Apana, chef. Itamdai afisa sahihi yake."

Afisa hakutaka kutia sahihi, na soko likafunguliwa. Ndiyo maana nakujibu bila kusita: sheria humlazimisha mwenye nguvu kujitaja.

Lakini mkuu aliyefuata alitumia maoni yangu yale yale kuwafukuza wachuuzi asiowapenda, Mama Zaina akiwemo, kwa kuwa soko ni la komine. Ningeyaandikaje yamlinde mama yule bila kumpa silaha mkuu yule? Sijui bado, maana mamlaka hukabidhiwa kiti, nacho kiti hakimchagui anayekikalia.

Bibi yako