Kigurudumu cha Serumu

Jumatatu, 3 Juni
Serumu tena, dripu ya mshipani, saa tano kamili. Kidonda cha mguu bado kinanuka. Riziki, muuguzi wetu, anasema antibiotiki hii iingie polepole, saa nzima. Haiwezekani. Boti ya abiria kutoka rasi ya Ubwari inafika saa tano na nusu, na nikisimama ukutani naiona vizuri. Niliendesha boti ile miaka ishirini. Marehemu mke wangu, Sifa, nilikutana naye humo, ameloa chapachapa, ananitukana kwa sababu ya mawimbi. Riziki akitoka nafungua kigurudumu cha mrija, dawa ikimbie. Dakika kumi tu, chupa tupu. Natoka nje, sindano bado imo mkononi.

Jumanne, 4 Juni
Nimefungua tena. Dawa inachoma mpaka kwenye kiwiko. Nimevumilia. Akina mama wakashuka na vikapu vyao, vitenge wamevikunja magotini. Sifa hakuwahi kushuka bila kunipigia kelele. Nimemkumbuka mpaka nikakasirika.

Jumatano, 5 Juni
Mkono umevimba. Mshipa mwekundu, wa moto, mgumu kama kamba. Dokta anasema ni dawa imeuumiza: ama ilichanganywa kali mno, ama iliingia mbio. Akamgeukia Riziki. Amemfokea mbele ya wagonjwa wote. Riziki akaapa kwamba alichanganya sawasawa. Mimi kimya. Mzee mzima!

Alhamisi, 6 Juni
Sindano imetolewa. Nakandwa kwa kitambaa cha maji moto. Riziki amewekwa kupanga karatasi, hachomi mtu tena. Kesho kutwa wakubwa wataamua kama anabaki kazini. Sikula. Boti imefika, sikwenda. Sifa angenisema wiki nzima.

Ijumaa, 7 Juni
Nimemwambia dokta yote. Amenikaripia, na ana haki. Kisha nikamfuata Riziki kwenye karatasi zake.
“Ni mi, mwanangu. Nilikuwa nafungula ile serumu ikimbie.”
Akaweka karatasi chini.
“Papa, mi nilizania ni mikono yangu. Siku mbili sikulala.”
Aibu hii sijawahi kuionja.

Jumamosi, 8 Juni
Riziki amerudishwa chumbani kwetu. Mshipa wa kushoto bado mgumu, maumivu yamepungua. Dawa zimebaki siku nne, kwa hiyo sindano mpya, mkono wa kulia. Amekuja nayo mwenyewe. Anapapasa mshipa, anaacha, anapapasa tena. Zamani hakusita, ni mimi nimemtia woga. Nikamnyooshea mkono, nikaangalia pembeni.
“Choma tu, mama.”
Amepata mshipa mara ya kwanza.