Baba, Ule Wimbo Wetu Unanitoka

Baba yangu uliyelala Meru,

Nakuandikia kwenye simu, nimekaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, pale wapishi wanapomwaga maji ya vyombo. Ndani harusi imepamba moto. Abdi, anayenipigia kinanda, ameshakuja kuniita, nikamwambia napumzisha koo. Nimemdanganya. Koo langu halina neno. Wimbo unaofuata ni ule wetu, bibi harusi ameuomba mwenyewe, nami sina hamu ya kuuimba.

Unakumbuka wimbo huo ulivyofika nyumbani? Mlikuwa mmetumwa na idara ya maji kukagua visima upande wa Kipsing, ukarudi kwetu Kiwanjani na vumbi hadi kwenye nyusi, na kanda moja mfukoni. Ulikuwa umeiokoa. Dereva wenu alitaka kuitupa dirishani, eti mwimbaji analia sana, anamtia usingizi. Karatasi ya kanda ilikuwa imepauka kwa jua, hata jina halisomeki. Tulichojua ni kwamba ni R&B ya zamani, na kwamba yule Mmarekani hakuwa anaigiza.

Wimbo wenyewe haukuwa mgeni. Mji mzima uliujua, ila kwa sauti ya mtu mwingine. Yule wa redio alikuwa ameurudia kwa mtindo wa pop, akaunyoosha kama shati la Jumapili, akaweka ngoma za kuchezesha mabega na wasichana wa kuitikia. Nilikuwa naupenda huo, nikubali tu. Ulipoweka kanda yako nikakwambia huyu wako anaharibu wimbo wa watu. Ulicheka mpaka ukashika mlango.

"Kendi, mama," ukaniambia, "huyu alilia kwanza ndio akaimba. Yule mwingine alisikia kilio cha jirani, akaja kutuhadithia."

Na ukaweka sheria yako, kwamba katika nyumba yako mtu hauimbi ule wa redio kabla hajauimba wa mwenyewe, yule wa kanda, hadi mwisho. Wageni nao hukuwaonea haya. Katekista alikuja kuulizia michango ya kanisa, ukamkalisha, ukamsikilizisha kwanza. Alisema ni mzuri, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda zake.

Redio yetu ya kanda ilikula mawe, yaani betri, kama punda anavyokula maboksi sokoni. Mapya hayakununuliwa mpaka ya zamani yafe kabisa, na wewe hukuwa mtu wa kukubali upesi kwamba kitu kimekufa. Uliyaanika juani juu ya ukuta, ukayarudisha moto, ukayabonyeza kwa meno. Yakipata nguvu kidogo kanda ilizunguka, lakini polepole, na sauti ya yule bwana ikashuka chini hadi ikawa kama inatoka kisimani. Ndivyo tulivyojifunza wimbo ule. Mama Halima, jirani yetu, alikuwa akituita kutoka upande wake wa ua.

"Baba Kendi! Mawe imekufa! Mbona mnaimba kama watu wa matanga?"

"Haijakufa, Mama Halima. Imechoka tu. Hata wewe ukichoka si unaongea polepole?"

"Mimi nikichoka nalala, wallahi!"

Na kabla ya mstari wa mwisho kulikuwa na pale mahali. Yule bwana ananyamaza, vyombo vinanyamaza, anavuta pumzi. Kwa mawe yetu yale, pumzi hiyo ilikuwa ndefu, ungesema mtu anainama kubeba debe la maji na hana uhakika kama atasimama nalo. Ulikuwa ukifumba macho na kunyoosha kidole. "Ngoja apumue. Usimkimbize." Nilikuwa nakutazama mdomo ili nijue wakati wa kuingia. Tuliingia pamoja, wewe chini, mimi juu, na kwa kweli, baba, sijawahi kuimba na mtu mwingine hivyo.

Kanda ilikatika mwaka ulipoanza kuugua. Uliiunga kwa selotepu, ikakatika tena. Ukaniambia haidhuru, tunao kichwani.

Baada ya kukuzika niliutafuta kwenye simu. Nikaupata, na ndiye mwenyewe, sauti ni yake. Lakini anaimba haraka, baba. Yuko juu. Pale mahali anavuta pumzi kama mtu yeyote anavyovuta, mara moja, ameshapita. Nilikaa na ile simu mkononi nikiona kama nimedanganywa na sijui nimlaumu nani. Kumbe wimbo wetu haumo hata kwa mwenye wimbo. Ulitengenezwa nyumbani kwetu, na mawe mabovu na ubishi wako, na hakuna mahali pengine ulipo isipokuwa kwenye koo langu.

Na koo langu nimelikodisha.

Hii hoteli iko kwenye lami ya kwenda Ngaremara. Ina harusi, ina semina za watu wa mashirika, na kila wikendi kuna nyama na muziki. Meneja si mtu mbaya, ila mwanzoni tu aliniambia, "Kendi, hapa hatuombolezi. Wageni wanataka ile wanajua." Ile wanayoijua ni ya yule wa redio. Nimeiimba sijui mara ngapi, mabega yakicheza. Niende wapi? Mji huu mtu anayelipwa kuimba ni mimi na watu wa kampeni, nao wanakumbukwa uchaguzi ukifika. Nina mtoto shuleni, nina nyumba ya kukodi, na sina kazi nyingine ninayoijua. Kila nikifungua mdomo kutafuta ugali wetu, naufukuza wimbo wako hatua moja zaidi. Huko ndiko nilikokwama, na sioni mlango.

Usiseme sikujaribu. Kwenye harusi moja nilimwambia Abdi ashushe mdundo kabisa, nikaanza kama sisi. Ukumbi ukanyamaza, nikadhani wameguswa. Kisha jamaa mmoja wa meza ya Nairobi akapaza sauti, "Stima imepotea ama?" Wakacheka, hata bwana harusi. Abdi, kwa huruma yake, akapandisha mdundo kuniokoa, na mimi nikaufuata. Niliufuata, baba, huku natabasamu.

Lakini hilo silo linalonitisha. Wiki hii nilikuwa nafua nguo uani, niko peke yangu, hakuna meneja wala mgeni. Nikaanza kuuimba wa kwetu. Nikaenda vizuri, polepole, nikafika pale mahali. Nikanyamaza ili apumue. Na kwenye ule ukimya mdomo wangu wenyewe ukapiga ngoma. Tu-du, tu-du, zile za redio. Nikarudia, zikaja tena. Nikafumba macho kama wewe, nikajaribu kukuona unavyovuta pumzi, nikaona uso wako, baba, nikaona kidole chako, lakini wakati wa kuingia sikuujua. Nimeusahau. Nilikaa kwenye beseni lililopinduliwa nikalia kuliko nilivyolia Meru.

Gatwiri, mjukuu wako ambaye hukumwona, akatoka ndani akaniona. Akafikiri nimesahau maneno. Akaanza kunikumbusha, kwa mdundo ule ule wa redio, anapiga makofi, anatikisa mabega vizuri kabisa. "Mama, wimbo wako unaenda hivi." Wangu! Nikataka kumwambia ngoja, kwanza wa mwenyewe. Ningemfundisha nini, na mimi sijui tena pa kuingilia? Nikapiga makofi pamoja naye.

Abdi amerudi. "Kendi, wee, toka hapo. Meneja ananiangalia na macho mbaya. Naanza bila wewe, utanikuta."

Na kweli ameanza. Nasikia ukumbi umeupokea, wanawake kwa wanaume, hata wapishi huku nyuma. Wanaujua wote, neno kwa neno, hakuna anayeningoja. Ule wetu tulikuwa tunaujua watu wawili, baba. Wewe umeondoka nao mzima, na mimi niliyebaki nao nimeanza kukosea.

Lala salama. Mimi naingia kuuimba.

Binti yako,
Kendi