Shibe ya Adabu

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo huko uliko. Ni mimi, mjukuu uliyemlea pale Shela, Malindi, yule uliyekuwa ukimwita mchana kwa jina lake lote mpaka la babu yake, majirani wakajua kwetu chakula kimeiva. Umetutoka miaka mingi sasa, lakini mwezi huu nimekuhitaji kuliko nilivyotarajia.

Kwanza nikuchekeshe. Wakumbuka ulivyokuwa ukitunusa vidole? Ukishasali adhuhuri, sinia hutua ukumbini na watoto wote twatazamwa mmoja mmoja. Siku moja mimi, kwa uchu wa kurudi kuruka kamba, nikakwambia nimekula kwa kina Mwanaidi. Ukauvuta mkono wangu mpaka puani.

"Vidole vyanuka mchanga," ukasema. "Kwa kina Mwanaidi leo wamepika mchanga?"

Nikakaa nikala, nimenuna, wali wa nazi na mchicha. Nilipokuuliza kwa nini usiniache nile jioni mara mbili, ulinijibu huku wanichambulia miba ya samaki: "Mtu mzima akikosa cha mchana huvumilia. Wewe wakua, mwanangu. Wakua hata ukiruka kamba. Cha jioni kitakushibisha jioni, mchana wako ushapita na njaa." Sikuelewa kitu. Nilitaka kamba yangu.

Sasa nina Zuhura. Ana miaka tisa na ana macho yako. Shule yao iko mbali na nyumbani nami niko kwenye cherehani mpaka alasiri, kwa hivyo humfungia chakula asubuhi akala huko huko. Chombo kilikuwa kikirudi kitupu kila siku, nami nikijisifu kwamba nimezaa mlaji.

Kisha mwalimu wake akanipigia simu. Akasema asubuhi Zuhura ni moto wa kuotea mbali, lakini baada ya saa ya chakula hulaza kichwa kwenye dawati, hesabu anazozijua akazikosa, na siku hiyo alikuwa ameanguka uwanjani kwa kizunguzungu. Bibi, niliogopa. Nilifunga duka na sindano nikaiacha ndani ya nguo ya watu.

Nilipomleta nyumbani sikumuuliza kitu. Nilimnusa vidole. Vilinuka penseli.

Hapo ndipo aliponieleza, akilia. Darasani anakaa dawati moja na Kadzo, msichana wa Sabaki, ng'ambo ya daraja. Mvua iligoma, shamba lao halikutoa kitu, na Kadzo haji na chakula. Mimi nimemfunza Zuhura kama ulivyonifunza wewe, kwamba mtu hali huku mwenzake akimtazama, sharti amkaribishe. Basi kila mchana humkaribisha. Naye Kadzo kwao amefunzwa kwamba mtoto mwenye heshima harukii chakula cha watu, hivyo kila mchana hujibu, "Asante, nimeshiba." Zuhura naye hawezi kula peke yake, hufunika chombo. Njiani huwamwagia paka wa sokoni, nisije nikauliza.

Kwa hivyo watoto wawili wenye adabu zao walikuwa wakishinda na njaa, wamekaa na chakula katikati yao. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili.

Usiku nilikuwaza wewe na watoto wa watu waliokuwa wakipita mlangoni petu. Nikagundua kwamba sikuwahi kukusikia ukimwambia mtoto "karibu". Neno hilo uliwawekea wageni wazima, wanaojua kukataa na kurudi kwao wakala. Mtoto ulikuwa ukimshika mkono, ukammiminia maji, ukasema, "Nawa." Akianza kusema ameshiba, ulimjibu, "Sikukuuliza habari za shibe." Huku vidole vishalowa, na mtoto ambaye kashanawa hana tena la kusema.

Asubuhi nikampa Zuhura chombo kikubwa, na chupa ya maji ya kunawia. Nikamwambia amwache Kadzo na shibe yake, amimine maji tu. Pia nilivuka daraja nikamwona mama yake Kadzo, nisije nikamtia mtu aibu kwa kumlishia mwana bila yeye kujua. Tulikaa chini ya ukuta wa jiko lake, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimfunza akatae kwa watu," akasema. "Sikumfunza akatae mpaka aanguke."

"Aliyeanguka ni wangu," nikamwambia, na sote tukacheka.

Tangu hapo mambo yamekaa sawa. Leo wamebeba maharagwe ya nazi na chapati nne. Nakuandikia nimetulia, Bibi, na nakushukuru kwa kila mchana ulionikatizia mchezo. Ulikuwa ukinipenda, nami nilidhani wanionea.

Jana mwalimu alipiga simu tena. Nikakimbilia viatu vyangu. Akasema wale wawili wamemshinda, baada ya chakula wanapiga soga darasani hadi kengele ya kurudi nyumbani. Nilimwomba radhi kwa unyenyekevu wote, nikakata simu, nikakaa jikoni nikitabasamu peke yangu.

Pumzika, Bibi. Watoto wamekula.

Mjukuu wako,
mama Zuhura