Jiwe Lililoletwa Bichi

Misima, 7 Juni 2024

Mwanangu Rukaya,

Salaam nyingi. Mimi na mama yako ni wazima, ila masikio yangu ndiyo yale yale. Ukipiga simu nasikia nyuki tu, kwa hiyo tuendelee kuandikiana. Simeo wa basi anafikisha.

Lundo la mawe la mradi wenu wa barabara limeshamwagwa hapa kijijini. Sisi tunayaita mavi ya chuma, usikasirike. Uliniandikia kwamba ni mabaki ya kiwanda cha chuma, na yakichanganywa na lami yanashinda kokoto za mlimani. Nimeyagonga, nyundo ikaruka, nikasema mtoto hajanidanganya. Basi imamu wetu, Mzee Adamu, akamwomba msimamizi wa malori, tukapewa ya kutosha kupiga zege pale pa kutawadhia msikitini. Si unakumbuka lile tope? Sasa hakuna. Nimeweka mteremko, maji hayasimami. Watu wananisifu mpaka naona haya, na mama yako anasema nimeanza kutembea kama mwenyekiti wa kijiji.

Hiyo maabara yenu inakwendaje? Unakula?

Baba yako,
Abdi

Misima, 25 Agosti 2024

Mwanangu Rukaya,

Hujambo? Sisi miili haijambo. Barua yangu ya Juni hukuijibu, nadhani kazi zimekubana.

Ile sakafu imeharibika. Imevimba katikati na kupasuka, maji yanatuama, na Ijumaa mzee mmoja kateleza akaumia kiuno. Kazi hii naifanya tangu hujazaliwa na sijawahi kuona kitu kama hiki. Wanasema nimepunja saruji ya msikiti. Wengine wanasema mkono umezeeka. Siwasikii, lakini midomo yao naiona.

Wameita fundi mwingine kutoka Handeni mjini. Nataka niivunje mwenyewe kabla hajafika, nimwage upya kwa saruji yangu, yaishe. Lakini wewe ndiye unayeyajua mawe hayo. Niambie, nimekosea wapi?

Baba yako,
Abdi

Korogwe, 29 Agosti 2024

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na mama hamjambo. Mimi mzima. Barua zako zote mbili nimezikuta jana, maana walinipeleka huko kiwandani yanakotoka mawe.

Baba, hukukosea. Jiwe hili lina chokaa ndani yake. Wajua mwenyewe chokaa inavyochemka kwenye ndoo ukiitia maji. Na hili likipata maji huvimba, ila polepole. Ndiyo maana linatakiwa kukaa nje miezi mingi, limwagiwe maji na kugeuzwa, limalize kuvimba ndipo lijengewe. Likishapumzika hivyo, yale niliyokuandikia ni kweli. Lundo la Misima limetoka kiwandani bichi, nawe ukaliweka mahali panapomwagwa maji kutwa.

Mhandisi wetu, bwana Ernesti, nimemwambia. Anasema vipimo vyangu ni vya kwenye makopo ya maabara tu, na yeye anataka lami ilazwe kabla ya vuli. Ikilazwa na jiwe hilo, barabara yote itakuwa kama sakafu yako.

Nakuomba usiivunje. Najua ni kitu gani ninachokuomba. Nataka aje aione kwa macho yake.

Mwanao,
Rukaya

Misima, 14 Septemba 2024

Mwanangu Rukaya,

Salaam. Mama yako hajambo, ila hataki kukusalimu.

Sikuivunja. Fundi wa Handeni alikuja na sururu, nikageuza ndoo nikaikalia katikati ya sakafu mpaka akaondoka. Niliwaeleza habari ya chokaa. Wakaona natafuta pa kutupia lawama. Mzee Adamu alisema maneno marefu, na tangu siku hiyo akinipita njiani anatazama shamba. Natawadha nyumbani siku hizi. Mama yako analia, anauliza ni mtoto gani anayemwambia baba yake akae na aibu. Nimemwambia barabara hiyo watapita watoto wa shule, na ng'ombe wa jirani zetu akina Kasaine, na yeye mwenyewe akienda kliniki.

Lakini fanya haraka, mwanangu. Inaniuma. Jina langu hapa ndilo shamba langu.

Baba yako,
Abdi

Misima, 3 Oktoba 2024

Mwanangu Rukaya,

Nimefurahi kukuona, ingawa wewe na mhandisi wenu mlikuja na kuondoka kama wazima moto. Umekonda.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya watu. Nilimwona bwana Ernesti akipiga magoti, akaingiza vidole kwenye ufa, akatoa kipande akakigeuzageuza. Halafu akasimama, akasema. Watu wote wakageuka kunitazama. Mzee Adamu akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nikamuuliza, kasema nini yule? Akanipigia kelele sikioni, nikapata "jiwe" na "fundi" basi. Kila ninayemuuliza ananipa ya kwake, na mama yako akianza kusimulia anaishia kulia.

Gari la maji limeanza kuja kulimwagilia lile lundo, kwa hiyo naona mambo yamekaa vizuri. Lakini mimi nayataka yale maneno yenyewe. Niandikie. Usiongeze.

Baba yako,
Abdi

Korogwe, 6 Oktoba 2024

Shikamoo baba,

Mimi mzima, na chakula nakula. Mwambie mama nimepokea mahindi na salamu zake.

Bwana Ernesti aliuliza, "Nani alijenga hapa?" Nikajibu mimi, "Ni baba yangu." Nilikuwa sijamwambia hilo, nilimleta kwa kumwambia tu kuna sakafu ya jiwe letu iliyopasuka, nilitaka aikague kwanza. Alinitazama kidogo, kisha akasema kwa sauti, wote wakasikia:

"Huyu fundi hakupunja kitu. Mchanganyo wake ni mzuri, ni jiwe letu ndilo lililovimba. Tulilileta bichi. Lawama ni yetu, si yake."

Mzee Adamu akasema, "Na sisi tulimsema." Ndipo akaja kukushika mkono.

Ni hayo tu, baba. Sijaongeza.

Mwanao,
Rukaya