Kiraka Kwenye Karatasi ya Dhahabu

Manchester,
Jumapili, 12 Novemba 1911

Baba yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba bega lako la nyundo halikusumbui sana kwa baridi hii. Mama hajambo? Dorcas je, bado anagombana na paka wa karakana? Sisi hatujambo. Hii ni wiki ya sita tangu harusi, na nikisikia viatu vya Clement kwenye ngazi bado moyo unanidunda kama msichana anayechumbiwa. Mwenye nyumba wetu, Bi. Pilling, aliniambia juzi niache kumkodolea macho mume wangu akila, asije akapaliwa.

Jumatatu Clement alinipeleka maabara kuona kazi yake. Nilitarajia mtambo mkubwa, kumbe ni kisanduku cha chuma kinachotoshea juu ya meza ya chai. Hewa yote iliyomo hunyonywa. Ndani mna kichupa cha radiamu kinachorusha chembe zisizoonekana, na mbele yake fremu yenye karatasi yetu ya dhahabu, iliyofuliwa kwa nyundo karakanani kwako. Chembe nyingi hupenya dhahabu kana kwamba haipo. Chache hugeuzwa njia, zikapiga kioo kilichopakwa unga, na kila moja hutoa cheche hafifu. Clement hukaa gizani nusu saa macho yazoee, kisha huzihesabu kwa hadubini. Dhahabu ikizidi unene, cheche huzidi. Kwa hiyo unene ni lazima ujulikane.

Nilimkuta na huzuni. Hesabu zake za mwezi mzima zilikaa vizuri kwenye mstari wa grafu yake, isipokuwa karatasi tatu zilizotoa cheche karibu maradufu. Alikuwa amezirudia mara nne. Mwenzake, Sugden, alikuwa akimtania mbele ya watu kwamba bwana harusi siku hizi anahesabu busu, akawauliza wengine kama kuna aliyewahi kuona mtu mwenye usingizi akihesabu vizuri. Clement alimjibu kwamba wivu ni ugonjwa na aende akaoe. Lakini Profesa Lathom, mkuu wao, hakucheka. Alisema mtu asiyejua kuhesabu hana nafasi gizani, na kama jambo halitaeleweka kufikia Ijumaa, hadubini atapewa Sugden.

Clement aliinua fremu dirishani anionyeshe jinsi dhahabu inavyopitisha mwanga wa kijani. Katikati ya kijani hicho niliona mraba wa kijani kilichokolea zaidi, mdogo kama ukucha. Niliutambua papo hapo. Nikasema tu kwamba ni nzuri.

Baba, kile ni kiraka changu. Unakumbuka agizo la maabara lilisema karatasi nzima tu, zisizo na kiraka, nawe ukatia sahihi kuthibitisha. Siku Clement alipokuja kulichukua, nilikuwa bado napanga karatasi za dhahabu ndani ya kijitabu chao. Alisimama akitazama mikono yangu. Nilirarua karatasi tatu. Niliona aibu kuzitupa mbele yake, nikampa mgongo, nikazibandika vipande vya dhahabu juu ya mpasuko kwa kuvipulizia pumzi kama tunavyowafanyia mafundi wa fremu za picha, ambao hawajali. Sikukwambia wewe, wala yeye.

Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Alhamisi asubuhi alipokuwa akifunga viatu akaniuliza, kwa utulivu, kama huenda kweli macho yake ni mabovu. Hapo nikamwambia. Hakunigombeza. Alimaliza kufunga kiatu, akanipa koti langu, tukaenda kwa Profesa.

Niliulizwa kama naweza kuzitambua karatasi zote zenye kiraka. Nilizitaja tatu bila kusita, na ndizo hasa. Walipoweka karatasi nzima mahali pa zile tatu, hesabu ikarudi kwenye mstari. Clement amebaki na hadubini yake. Lakini Profesa aliuliza nani alitia sahihi, nikalazimika kusema, naye akalikata kwa mstari jina lako kwenye orodha ya wanaowauzia dhahabu. Nilimwambia kosa ni la mkono wangu. Alisema sahihi haikuwa yangu.

Nisamehe, Baba. Tutakuja Krismasi. Ukitaka kunikaripia, nikaripie mbele ya Clement. Hakuna tena ninachomficha, na ameniambia atakaa upande wangu wa meza.

Msalimie Mama, mbusu Dorcas, na mafundi wote karakanani wapokee salamu zangu.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Hester Ollerenshaw