Waliolala Chini ya Tope

Jumatatu, 6 Februari 1984. Kitale.

Bwawa la kule kijiji cha Kwanza limekauka kabisa. Bwana Kimaiyo, mkubwa wetu hapa ofisi ya maji, ametangaza leo kwamba tope litachimbwa kabla ya mvua ya Machi, ili bwawa lishike maji mengi zaidi. Trekta ni la Gurcharan, yule Singasinga mwenye gereji. Wa kusimamia ni mimi. Mimi, karani tu! Sijathibitishwa kazini bado. Nilisema ndiyo bwana kabla hajamaliza.

Alhamisi, 9 Februari.

Tulikwenda kuliangalia bwawa. Upande wa juu udongo umekauka zamani, mgumu. Chini, karibu na ukuta wa bwawa, tope bado laini. Nilichomeka kijiti hapo kupima kina — kikagonga kitu. Si jiwe. Kobe wa majini, mweusi, bapa, ukubwa wa sahani. Amejifukia, shingo ameikunja pembeni chini ya gamba, vile tulivyofundishwa shuleni. Nikamwonea huruma. Nikamwosha, nikaja naye ofisini, nikamtia kwenye karai la maji.

Bramwel, tarishi wetu, alimletea sukuma wiki. Hakugusa. Bramwel akasema ati huyu anaringa, anangoja nyama kama mheshimiwa. Kobe hawa wakiogopa wananuka vibaya. Kila aliyemshika alikimbilia sabuni. Mkubwa aliifuata harufu mpaka mezani kwangu. Nikamweleza, huenda wengine wako chini ya tope. Akasema kobe wa majini hukaa majini. Maji hakuna, basi kobe hakuna. Huyu alipotea njia.

Nilimbadilishia kobe maji karaini.

Jumapili, 12 Februari. Bungoma.

Nimeshuka nyumbani. Baada ya kanisa nilikwenda Kanduyi kwa Mwalimu Santosh, aliyenifundisha bayolojia. Amestaafu, anaishi na kaka yake mwenye duka. Alinisikiliza mpaka chai ikapoa.

Kobe hawakuhama, alisema. Maji yakipungua wanajifukia pale yalipoishia. Hawali, wanapumua kidogo sana, wanangoja mvua. Ikinyesha wanatoka, wanataga mayai kwenye udongo wa kando. Trekta likipita sasa litawapasua, au litawatupa juani wakauke — wakubwa kwa wadogo, bwawa zima kwa mara moja. Na kobe hakui haraka. Wakiisha pale, huenda nikazeeka sijawaona tena.

Nikauliza kama nilikosea kumtoa yule mmoja.

"Umemwamsha, Wilkista. Sasa ana njaa na kwake hakuna maji. Hao wote utawapatia karai?"

Nikasema watu wa Kwanza nao wanataka maji, kina mama wanatembea mbali. Akasema anajua. Tuchimbe upande wa juu, tuache wa ukutani mpaka mvua. Hivyo tu. Aliyatamka hayo kama hesabu ya darasa la pili. Yeye hamjui Bwana Kimaiyo.

Jumatatu, 13 Februari. Kitale.

Nilijaribu kumwambia mkubwa. Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu, na nilipoingia maneno yalitoka yamevurugika. Akasema trekta litaanza ukutani, kwenye ulaini, limalize upesi. Akasema kazi ya karani ni kuandika, si kupanga. Hakuinua macho.

Jumanne, 14 Februari. Kwanza.

Naandikia magotini, juu ya ukuta wa bwawa.

Wekoye, dereva, alileta trekta moja kwa moja mpaka hapa chini. Nilishuka nikasimama mbele yake. Nikamwambia mkubwa amebadilisha: tuanze juu, ukutani pasiguswe. Akanitazama sana.

"Huko juu ni simiti, dada. Hapa ni laini kama uji ya mtoto. Si mkubwa mwenyewe alisema hapa?"

Nikasema alibadilisha jana jioni. Sauti haikutetemeka! Akageuza.

Kina mama wamekaa kwenye nyasi na madebe yao, wanatazama. Mama Hawo, mwenye hoteli ya chai karibu na msikiti, aliniuliza kwa nini tunaanzia pagumu. Yeye peke yake nikamwambia ukweli. Akaguna. "Mtoto wangu anakunywa mahali ng'ombe inakunywa," alisema, "na wewe unalinda kobe." Nikamwambia maji atapata. Akasema lini.

Trekta lilikuwa likienda, polepole lakini likienda. Sasa limesimama. Ndoo yake ya kuchimbia imepasuka kwenye ule ugumu. Na Land Rover ya ofisi inashuka kutoka barabarani, vumbi nyuma — mkubwa hakusema atakuja leo!

Wekoye amefika hapa, anapangusa mikono kwa tambara. Hana hasira. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi.

"Karani, hii ndoo ni ya Singasinga, na mimi nina watoto. Twende umwambie mkubwa mbele yangu vile alibadilisha."

Nikikana kwamba nilimwambia, ni Wekoye atakayefukuzwa. Nikikubali nilidanganya, ataambiwa ageuze trekta, ukutani, leo hii, kwa ndoo nyingine.

Mlango wa gari umefunguliwa. Mama Hawo amesimama, anashuka kuelekea kwenye gari. Sijui anakwenda kusema nini. Mkubwa ananiita kwa jina. Wekoye anangoja. Nafunga daftari, nashuka.